Kalkuleta Inayosema na Hesabu ya Mpwa Wangu

(Mazungumzo baada ya tarawehe, Tena, Nairobi)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Wazee wangu, akina mama mlioko upande wa pili wa pazia, vijana wetu, na wewe ambaye hukuwepo usiku ule na sasa unasoma maneno haya nyumbani ukingoja adhana ya Magharibi: nimeombwa niseme kwa dakika ishirini. Walionitangulia wamezungumza juu ya saumu na adabu zake, na wamezungumza vizuri. Mimi si sheikh. Mimi ni mwenye duka. Wengi wenu mmenunua unga na maziwa kwangu tangu mkiwa watoto wa kutumwa, sarafu mmezifumbata mkononi mpaka zina jasho. Kwa hivyo nitazungumza juu ya kitu cha dukani. Kiko hapa mfukoni mwa kanzu. Ngojeni nikibonyeze karibu na maikrofoni mkisikie.

Mmesikia? Imesema saba, ikasema jumlisha, ikasema tano, ikasema ni sawa na kumi na mbili. Kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha puani kama cha yule mwanamke wa uwanja wa ndege. Naona watoto wanacheka. Chekeni tu. Mimi pia nilicheka siku ya kwanza, halafu nikalia, na nitawaambia kwa nini.

Hii ni kalkuleta. Kwa Kiswahili sanifu wanasema kikokotoo. Inajumlisha na kutoa kama kalkuleta ya mtu yeyote, ila kila unachobonyeza inakitamka, na jibu inalitamka. Imetengenezwa kwa ajili ya sisi ambao macho yametuaga.

Yangu yaliniaga polepole. Ugonjwa wenyewe unaitwa glakoma, wengine husema presha ya macho. Hauumi, na huo ndio ubaya wake. Unaanza kula pembeni ya macho, mwenyewe hujui, unadhani watu wamekuwa na tabia ya kukutokea ghafla. Mwisho unaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilichokwisha kupotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji. Dawa ya matone na upasuaji hulinda kile kilichobaki. Na ni ugonjwa unaokwenda na ukoo. Kwa hivyo wewe kijana ambaye baba yako, mama yako au ndugu yako wa tumbo moja anao, nenda ukapimwe hata kama leo unasoma herufi ndogo kabisa za gazeti. Kikuyu kuna hospitali ya macho, Loresho kuna nyingine, si mbali. Mimi nilikwenda nikiwa nimechelewa. Kufikia 2013 nilibaki na mwanga tu: najua kumekucha, najua taa imewashwa, basi.

Duka sikulifunga. Wengine walinishauri nilifunge, nikae nyumbani nisaidiwe. Lakini shelfu zile nilizipanga kwa mikono yangu, na mkono haujasahau chumvi iko wapi. Kupima sukari robo, kumimina mafuta, kukata sabuni ya mche, hayo yote hayahitaji macho, yanahitaji mazoea. Sarafu nazijua kwa ukingo na uzito. Noti zilinisumbua zaidi, nikawa nazikunja kila aina kwa mkunjo wake, na hizi zilizotoka 2019 zimewekewa mistari ya kupapasa pembeni, nikashukuru sana ziliponifikia.

Kilichonishinda ni hesabu.

Mwenye duka ndogo anaishi kwa hesabu za jioni. Umeuza nini, umekopesha nani, pesa ziko ngapi, kesho utakwenda kuongeza bidhaa za kiasi gani. Zamani nilifanya kwa kalamu, dakika kumi. Sasa kalamu haina maana, na kalkuleta ya kawaida ni kipande cha plastiki tu: unabonyeza, halafu unamwita mtu akusomee. Dada yangu aliyeko Mumias akaniletea mwanawe aje kunisaidia. Kijana wa miaka 19, mpole, kaandika mwandiko mzuri shuleni. Mshahara tulikubaliana shilingi 4,500 kwa mwezi, chakula na malazi kwangu. Kila alichouza anakiandika daftarini. Jioni yeye ananisomea mstari kwa mstari, mimi najumlisha kichwani, mke wangu anahesabu pesa za kwenye droo, na kiasi hicho kinaandikwa chini ya ukurasa.

Nilijiamini. Nilikuwa mtoto wa hesabu tangu darasa la nne. Lakini mistari ni sitini, wakati mwingine themanini. Mia na ishirini, arubaini na tano, thelathini, mia mbili na kumi... ukifika katikati mteja anagonga kaunta anataka kiberiti, ukirudi unajiuliza nilikuwa elfu tatu mia ngapi? Unachukua moja na kuendelea.

Basi zikaanza jioni za kupungua. Leo zimepungua mia mbili. Kesho kutwa mia tatu na hamsini. Nikimuuliza kijana ananyamaza, nami nikasema moyoni, huyu ananyamaza kwa sababu anajua. Na kuna jambo nataka mlisikie vizuri, kwa sababu ndilo limenileta hapa mbele yenu. Zilikuwapo pia jioni za kuzidi. Zimezidi mia, zimezidi mia mbili na sitini. Siku ya kuzidi nilisema Alhamdulillah, biashara ina baraka. Siku ya kupungua nilisema mtoto ameiba. Wallahi ndivyo nilivyofanya, kwa muda wa mwezi mmoja na nusu, na sikuona ajabu yake.

Mwaka 2014, katikati ya mwezi, nikamfukuza. Nilimfukuza mbele ya wateja. Nilimwita jina ambalo sitalirudia hapa msikitini, na nikampigia dada yangu simu nikamwambia amenizalia mwizi. Mshahara wa mwezi ule sikumpa hata senti. Nilisema umo katika alizoiba. Mke wangu akamtafutia nauli, kwa siri yangu.

Ikapita miaka minne. Nilisaidiwa na huyu na yule. Kuna kijana wa mtaani aliyesoma shule ya wasioona ya Thika, ile iliyofunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, alinijia na ubao wa shanga wanaouita abakasi. Ubao huo uliboreshwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mmarekani mmoja, Tim Cranmer, naye mwenyewe alikuwa haoni. Alichukua ule wa Kijapani, akauwekea kitambaa chini ya shanga ili zisiteleze zikiguswa. Ni kitu kizuri sana, na watoto wa Thika wanakitumia kama mchezo. Lakini mimi nilikuwa mzee wa kujifunza shanga, vidole vyangu vimezoea mizani. Nikashindwa, nikarudi kwenye kuomba watu.

Hata zaka niliombea watu. Hapo vijana sikilizeni, kwa maana hamlijui hili mpaka liwafike. Zaka ni ibada yako wewe na Mola wako. Lakini mtu asiyeona, ili aijue zaka yake, ilimbidi amfunulie mwenzake mali yake yote. Mimi nilimwita shemeji yangu, mtu mwema tu. Nilimtajia bidhaa, pesa zilizoko, madeni. Akanipa jumla. Kabla ya Idi kufika nilikuwa nimepata wakopaji watatu, wote wa ukoo, na kila mmoja anajua hasa ninacho kiasi gani. Mwaka uliofuata nikaanza kumtajia makadirio. Mara nasema kidogo, mara nasema sijui. Unaona ibada inavyoharibika? Si kwamba nilitaka kula haki ya maskini, nilitaka tu kuficha mfuko wangu, kama wewe unavyouficha wako na hakuna anayekulaumu.

Halafu binti yangu, aliyekuwa akifanya kazi Dubai, akanitumia hii. Ilikuwa Shaaban, mwaka 2018. Bei yake haikufika nusu gunia la sukari. Nakumbuka nilivyoipapasa. Vitufe vikubwa, vimeachana, huwezi kubonyeza viwili kwa pamoja. Katikati, juu ya tano, kuna kidoti kimeinuka: ukikipata hicho, unajua kila tarakimu iko wapi kama unavyojua vyumba vya nyumba yako. Nikabonyeza moja. Ikasema moja. Nikabonyeza tena. Nilikaa pale kitandani kama mtoto mpaka mke wangu akauliza nimepatwa na nini.

Nikamwomba binti anisomee habari za kitu hiki kilikotoka, maana sikuamini kwamba kuna mtu alikaa akatufikiria sisi wa madukani. Kumbe habari yake inaanza na mzazi. Kulikuwa na profesa wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, John Linvill. Binti yake, Candy, alipoteza macho akiwa mtoto mdogo. Baba akaunda mashine iliyoitwa Optacon: unapitisha kamera ndogo juu ya maandishi kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili kinahisi sindano ndogo zinazotetemeka kwa umbo la ile herufi. Binti akasoma vitabu vya kawaida mwenyewe. Yeye na mwenzake James Bliss wakaanzisha kampuni ya Telesensory, na kampuni hiyo katikati ya miaka ya 1970 ikatoa kalkuleta ya kushikwa mkononi inayosema, iliyoitwa Speech Plus. Ilijua maneno 24 tu. Bei yake dola 395, ambazo zama hizo zilikuwa pesa za kutisha. Leo kitu kile kile, kidogo zaidi, kinanunuliwa na muuza duka wa Tena. Sipendi kusifu kila kinachotoka ng'ambo, lakini kizuri ni kizuri.

Sasa niwaambie inavyotumika, maana mkitoka hapa mtakuwa na shangazi au babu wa kumfundisha.

Kwanza kuna namna mbili za kusema. Unaweza kuiweka isome tarakimu moja moja: moja, mbili, sifuri, sifuri. Au isome nambari nzima: elfu moja mia mbili. Mimi nikiingiza hutumia moja moja, ili nisikie kosa pale pale. Nikitaka jibu nalitaka zima. Kuna kitufe cha kurudia, kwa sababu magari ya Outering Road hayangoji usikie. Kuna cha kufuta tarakimu ya mwisho na kuna cha kufuta zote. Hivi viwili mtu avijue kama anavyojua mkono wake wa kulia na wa kushoto, la sivyo atafuta hesabu ya mistari sabini kwa kidole kimoja. Mimi nimeifuta, mara nyingi, na maneno yaliyonitoka si ya kusemwa mwezi huu.

Pili, hesabu ndefu usiiendee kwa pumzi moja. Mtu anayeona akipotea anarudisha jicho juu. Sisi karatasi yetu ni sauti, na sauti ikishapita imepita. Kwa hivyo kila mistari kumi nasimama, nataka jumla, naiweka kwenye kumbukumbu ya kalkuleta yenyewe. Nikimaliza naianza upya kutoka chini kwenda juu. Zikikubaliana, nalala. Kalkuleta haina akili: ukibonyeza uongo itautamka huo uongo kwa sauti nzuri kabisa.

Tatu, betri. Ikianza kuchoka sauti inakuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa usiku wa daku. Badilisha kabla haijanyamaza katikati ya hesabu.

Na nne, eafoni. Hili nililijua kwa aibu. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiibonyeza pale kaunta kwa sauti yake yote. Akaja mama mmoja, jirani, mtu wa heshima zake, duka limejaa watu wanaonunua mkate. Akauliza deni lake limefika ngapi. Nikajumlisha, na kalkuleta ikautangazia mtaa mzima. Yule mama hakusema neno. Alilipa siku ya pili, na hakurudi dukani kwangu miezi miwili. Mimi niliyekuwa nikilalamika kwamba siri yangu iko kwa shemeji, nimemvua mwenzangu siri yake mbele ya watoto. Tangu siku ile nimenunua yenye tundu la eafoni, na sikio moja naliweka wazi kwa mteja.

Lugha je? Ya kwangu inasema Kiingereza. Kuna mama hapa mtaani anayeuza viazi vya karai jioni, sukari imempunguza macho, na Kiingereza hakujua hata cha salamu. Mjukuu wake wa darasa la pili alimfundisha kuanzia moja hadi kumi na tisa, halafu makumi, halafu mia na elfu. Wiki tatu. Sasa ukimpa noti ya mia tano anabonyeza, anasikiliza, anakurudishia chenji, na ukimwambia umekosea mama, anabonyeza tena na kukuwekea sikioni usikie mwenyewe.

Najua vijana mna neno. Mzee, simu si inasema? Ndiyo, inasema. Simu za Android zina TalkBack, za Apple zina VoiceOver, na mimi ninayo, ndiyo inayonisomea ujumbe wa M-Pesa. Mwenye simu asingoje kununua kitu kingine, aiwashe leo. Lakini kioo cha simu ni laini, hakina kidoti cha tano. Mkono una mafuta ya kupikia, na katikati ya hesabu anapiga mtu anauliza kama gesi ipo. Kila kitu na mahali pake. Tena tukumbuke Katiba ya 2010, kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha, na liko Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu linaloshughulikia vifaa hivyo. Wazee wetu wengi hawajajiandikisha kwa sababu hakuna kijana aliyewapeleka. Mnajaza fomu za kila aina kwa simu zenu, jazeni na hiyo.

Nirudi kwenye ile Ramadhani ya 2018, maana dakika zangu zinakwisha.

Usiku wa kumi na mbili hivi nilikaa kufanya zaka yangu peke yangu. Mara ya kwanza tangu macho yaondoke. Mke wangu ananitajia bei za bidhaa kutoka risiti, mimi nabonyeza. Bidhaa: 412,600. Pesa taslimu na zilizoko M-Pesa: 96,350. Madeni ya watu ninaotaraji watalipa: 38,900. Ikasema 547,850. Nikatoa ninachodaiwa na mwenye duka la jumla, 61,000. Ikasema 486,850. Sheikh alikuwa amenitajia kiwango cha nisabu mwaka ule, nami nilikuwa nimekipita. Nikanyoosha kidole nigawanye kwa arubaini, mke wangu akanishika mkono.

Akasema, "Madeni yako hujayamaliza."

Nikamuuliza ninadaiwa na nani mwingine.

Akasema, "Mshahara wa yule mtoto."

Nikamwambia yule alijilipa mwenyewe. Hakubishana. Aliinuka, akafungua kabati, akarudi akaniwekea kitu magotini. Lilikuwa lile daftari. Alikuwa amelihifadhi miaka minne. Akasema, "Sasa unayo inayosema. Mimi nitasoma."

Zilikuwa siku 47. Ilituchukua usiku tisa, kila usiku baada ya tarawehe. Yeye anasoma mstari, mimi nabonyeza. Mwisho wa ukurasa kalkuleta inasema jumla, naye anasoma pesa zilizohesabiwa jioni ile, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Usiku wa kwanza kurasa tano: zote sawa, au tofauti ya shilingi tano, kumi, chenji tu. Nikasema bado. Usiku wa pili, sawa. Ile jioni ya mia tatu na hamsini, sawa kabisa. Zile jioni za kuzidi, nazo hazikuzidi kitu. Katika siku zote 47 zilizopungua kwa kweli ni mbili, moja shilingi 50, moja shilingi 20.

Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mimi, ninajumlisha mistari sabini kichwani, naona haya kusema imenishinda.

Mtu ataniambia, kama angetaka kuiba si angeacha tu kuandika? Nimelifikiria hilo. Lakini mimi sikumtuhumu kwa alichoacha kuandika. Nilimtuhumu kwa pengo, na pengo halikuwepo.

Nikatoa 4,500. Ikasema 482,350. Nikagawanya kwa arubaini: 12,058 na senti 75. Hiyo ndiyo zaka ya kwanza niliyoijua mimi na Mola wangu na mke wangu tu, na imenifundisha kuliko zote.

Katika usiku ule nilimkumbuka sana sahaba Abdullah bin Umm Maktum. Sote twamjua kwa Surat Abasa. Lakini mwezi huu mkumbukeni kwa jambo lingine. Alikuwa haoni, na Mtume (S.A.W.) alimwachia adhana ya alfajiri, ile ambayo watu walifungia daku. Fikirini: kazi ya kungoja weupe wa alfajiri, kapewa mtu asiyeuona. Na imepokewa kwamba hakuadhini mpaka watu wamwambie kumekucha. Walimwambia tu. Hawakumwambia kaa chini tutaadhini sisi. Mimi nilipokuwa nikisaidiwa, watu walinichukulia daftari, wakafanya, wakanipa jibu. Mke wangu alinisomea mistari, vidole vikabaki vyangu. Wewe kijana unayemnyang'anya bibi yako pochi sokoni ili umhesabie haraka, unadhani unamfanyia wema. Mwambie hii ni mia, hii ni hamsini, halafu ngoja. Foleni haitakufa.

Baada ya Idi nilipanda basi kwenda Mumias na mke wangu. Nilitaka kuzungumza na kijana pembeni. Mke wangu akasema ulimfukuza mbele ya watu. Basi dada yangu akaita jamaa, wakaja na majirani, nikasimama uani nikasema nilivyosema hapa kwenu: siku 47, shilingi 70, hapakuwa na mwizi. Dada yangu alilia. Kijana hakusema kitu. Alikuwa amekuwa mwanamume, ana pikipiki ya boda, ana mke. Nilimpa bahasha. Nikasikia anahesabu.

Halafu akasema, "Mjomba, hebu hiyo kalkuleta."

Nikampa. Nikamsikia akibonyeza, nayo inasema: elfu nne mia tano, gawanya kwa thelathini. Mia moja na hamsini. Mara kumi na tisa. Elfu mbili mia nane na hamsini.

"Niliondoka tarehe 19," akasema. "Hizi nyingine si zangu."

Akanirudishia shilingi 1,650 mkononi, akazifunga vidole vyangu juu yake. Nilimwambia achukue zote, ni zawadi ya mjomba wake. Akasema zawadi atapokea siku nyingine, leo ni mshahara. Hakurudi dukani kufanya kazi, na sikumwomba. Ila kila Ijumaa baada ya swala ananipigia simu, na kila mara, kabla hajauliza habari za nyumbani, anauliza betri ikoje.